Televisheni Inayosomeka: Niliyojifunza Katika Mgahawa Wangu wa Goma

Mgahawa wangu uko Katindo, mtaa wa Goma, mashariki mwa Kongo, kando ya barabara ambayo pikipiki hazikomi kupita, na kwa muda mrefu televisheni zake mbili zilikuwa zikiwaka tangu tunapofungua mpaka tunapofunga bila mtu yeyote kuzisikia. Umeme ukikatika, jenereta ya jirani huanza kunguruma. Ukirudi, baa ya ng'ambo ya barabara hupandisha muziki. Jikoni sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, zinachachatika kwenye mafuta, na wateja, kwa kuwa nao wanataka kusikilizana, hupaza sauti kuliko hayo yote. Nikiongeza sauti ya televisheni, watu huongeza kelele. Nikiipunguza, inabaki picha tupu. Wakati wa taarifa ya habari ya usiku nilikuwa nawaona wateja wakikisiakisia. "Huyu waziri anasema nini?" "Si mambo ya barabara?" "Hapana, ni ya mishahara ya walimu." Hao walikuwa watu wenye masikio mazima, nao walibahatisha habari za nchi yao kwa kutazama midomo ya msemaji na picha za magari.

Nalitaja hilo kwanza kwa sababu watu wengi, ukiwazungumzia maandishi yanayofuata maneno ya televisheni, hudhani unaombea hisani viziwi wawili watatu. Ninayoyasimulia hapa ni ya miaka kati ya mlipuko wa volkano yetu ya Nyiragongo wa mwaka 2021 na mwisho wa mwaka 2024. Yaliyoupata mji baada ya hapo ni habari nyingine na yanahitaji mwandishi mwingine.

Wazo la kwamba serikali ya mji inaweza kuwa na la kusema kuhusu televisheni ya mgahawa nililipata kwa mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, aliyepelekwa Marekani na mpango wa wakimbizi na kupata kazi katika mkahawa mmoja wa Seattle. Tulikuwa tukizungumza kwa simu ya video, naye akiwa anafungua mahali pa kazi: akawasha taa, akakagua friji, akawasha televisheni, kisha akachukua telekomande na kuhakikisha kwamba maandishi yametokea. Nilimuuliza kama kuna mteja kiziwi anayekuja asubuhi. Akacheka. "Dada, sijui kama yupo. Hapa ni sheria. Awepo asiwepo, tunawasha."

Jibu hilo lilinikaa kichwani, na baadaye nikatafuta kujua zaidi. San Francisco ilipitisha kanuni ya namna hiyo mwaka 2008, Portland ya Oregon mwaka 2015, Seattle mwaka 2019, na mwaka 2021 jimbo zima la Washington likaifanya kuwa sheria ya jimbo. Maudhui yake ni mafupi: mahali panapopokea umma, iwe baa, hoteli, chumba cha kusubiri cha daktari au ukumbi wa mazoezi, televisheni ikiwa inawaka mbele ya wateja saa za kazi, maandishi nayo yawe yanaonekana. Sheria ya jimbo la Washington haimbani mtu kwa lisilowezekana: televisheni isiyo na uwezo wa kuonyesha maandishi haihesabiwi, na duka la kuuza televisheni zilizopangwa pamoja halilazimiki kuwasha maandishi kwenye kila moja. Kinachobadilishwa ni zamu ya kuchukua hatua. Kabla ya kanuni, kiziwi ndiye alipaswa kuinuka, kumtafuta mhudumu, kujieleza kwa ishara au kwa karatasi, na kusubiri mhudumu amtafute mwenye telekomande. Baada ya kanuni, hana la kuomba.

Nina wateja wawili walionifanya nione uzito wa zamu hiyo. Mmoja ni fundi wa nguo, kiziwi tangu utotoni kwa sababu ya homa ya uti wa mgongo, ambaye hufika jioni pamoja na wenzake wa karakana. Yeye hana haya hata kidogo. Akitaka kitu hupiga meza na kuonyesha. Wa pili ni mwalimu mstaafu aliyepoteza usikivu polepole uzeeni. Huyo hajawahi kukiri mbele yetu kwamba hasikii. Hukaa karibu na televisheni, hutikisa kichwa pale wengine wanapotikisa, hucheka wanapocheka, akichelewa kidogo. Fundi angeweza kuomba maandishi na angeyapata. Mwalimu asingeomba hata ningemtumia barua, maana kuomba kungekuwa kutangaza jambo analolificha. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021, lilikadiria kwamba watu zaidi ya milioni 430 duniani wana upungufu wa kusikia unaohitaji huduma, na kwa kadiri ninavyoona, wengi wao wanafanana na mwalimu kuliko fundi. Kanuni inayosema "washa mteja akiomba" inawasahau walio wengi.

Kilichonifanya niache kulitazama jambo hili kama suala la starehe za jioni ni tangazo moja. Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, jioni, Nyiragongo ililipuka, na lava ikashuka mpaka Buhene, pembeni mwa mji, ikasimama hapo. Siku zilizofuata ardhi haikutulia. Kuta zilipasuka, barabara zikafanya nyufa, na watu wakalala nje. Mapema siku ya Alhamisi, tarehe 27, gavana wa kijeshi, Jenerali Constant Ndima, alitangaza kwamba wakazi wa kata 10 kati ya kata 18 za mji waondoke, kwa kuwa kulikuwa na dalili za magma chini ya mji na mlipuko mwingine ungeweza kutokea bila onyo. Kisha zikatajwa kata moja baada ya nyingine: Majengo, Mabanga Kaskazini, Mabanga Kusini, Bujovu, Virunga, Murara na nyinginezo.

Tangazo la namna hiyo si kama hotuba ambayo mtu anaweza kupata kiini chake kwa kutazama uso wa msemaji. Maana yake yote imo kwenye orodha. Aliyekuwa Himbi alihitaji kujua kwamba Himbi haimo. Aliyekuwa Majengo alihitaji kujua kwamba Majengo imo, na kwamba njia inayopendekezwa ni ya kuelekea mji mdogo wa Sake, magharibi mwa Goma. Fundi wangu anaishi Majengo. Alionyeshwa tangazo lile kwenye simu ya jirani: aliona sare, aliona karatasi, aliona midomo ikisogea, na chini ya picha hapakuwa na neno hata moja. Wengine walimpelekea ujumbe wa sauti, ule ambao watu wa Goma huutuma kwa wingi wakati wa hofu, nao ulimfaa kama kioo kinavyomfaa kipofu. Alichokifanya ndicho ambacho kila mtu angefanya mahali pake: alifuata umati. Umati wa mtaa wake ulielekea Sake. Mama yake na watoto, waliokuwa kwa ndugu upande wa mpakani, walikwisha kuvuka kwenda Gisenyi, Rwanda. Walipatana siku kadhaa baadaye, kwa kutafutiwa na watu.

Niliporudi na kufungua tena mgahawa, nilichukua telekomande nikaamua kuwasha maandishi kwenye televisheni zote mbili. Nilidhani ni kazi ya dakika moja.

Televisheni zangu zina kitufe kilichoandikwa kwa ajili ya maandishi hayo, nikakibonyeza, hakikutokea kitu. Nikadhani telekomande ni mbovu. Fundi wa dekoda ndiye aliyenifafanulia, na maelezo yake nayaandika kwa kirefu kwa sababu naamini wenye migahawa wengi huishia hapo na kusema kwamba haiwezekani. Dekoda inapounganishwa na televisheni kwa waya wa HDMI, picha na sauti hupita kwenye waya huo, lakini maandishi yaliyofichwa ndani ya matangazo hayapiti. Televisheni haiyaoni kabisa, hivyo kitufe chake hakina cha kuonyesha. Dekoda yenyewe ndiyo inayopaswa kuyasoma na kuyachora juu ya picha kabla ya kuituma. Kwa hiyo ni lazima kuingia kwenye orodha ya dekoda, sehemu ya lugha, na kuchagua maandishi huko. Uzuri wake ni kwamba kama dekoda moja inalisha skrini mbili, kama ilivyo kwangu, ukiyawasha mara moja yanatokea kote. Ubaya wake ni kwamba dekoda yangu husahau uchaguzi huo kila umeme unapokatika ghafla, na kila msomaji wa Goma anajua maana yake. Mhudumu wangu wa kwanza kufika alilazimika kuongeza hatua hiyo kwenye kazi zake za kufungua, sawasawa na mdogo wangu wa Seattle.

Maandishi yalipotokea kwenye chaneli moja ya Ufaransa, niligundua kwamba yamepangwa kwa rangi, na rangi hizo zina kazi. Meupe ni ya msemaji anayeonekana kwenye skrini, ya njano ni ya msemaji asiyeonekana, mekundu yanaeleza milio kama mlango unaobamizwa au risasi, ya zambarau yanaeleza muziki, ya kijani yanaonyesha kwamba mtu anasema lugha ya kigeni. Fundi wa nguo alizielewa kabla yangu. Jioni moja alinigusa bega, akanionyesha mstari wa zambarau, kisha akauliza kwa ishara kama muziki ule ni wa huzuni kweli, kwa sababu ndivyo maandishi yalivyosema. Nikasikiliza kwa makini katikati ya kelele zetu. Ulikuwa wa huzuni.

Wateja wengine hawakufurahi wote. Siku za mpira ndizo ngumu zaidi, kwa kuwa maandishi hukaa chini ya skrini na mara nyingine hufunika jina la mchezaji au sehemu ya uwanja, na mtu aliyelipia bia yake hataki neno lolote limzuie kuona mguu wa mshambuliaji. "Mama, toa ile maneno, inatufunika mpira!" nimeisikia mara nyingi. Nilijaribu kuacha maandishi kwenye skrini ya ndani na kuyaondoa kwenye ile ya ukumbini, lakini kwa dekoda moja haiwezekani. Mwishoni niliyaacha kote, nikabaini kwamba manung'uniko hudumu dakika kumi za mwanzo, kisha watu husahau. Kinyume chake kilinishangaza: wakati wa habari na filamu, ni wale wale wenye masikio ambao, mhudumu akisahau kuyawasha, huuliza yako wapi. Wanafunzi husema yanawasaidia Kifaransa. Mzee mwalimu hajasema lolote, ila sasa hucheka kwa wakati.

Nilipofika kwenye chaneli zetu, yaani zile za mji na za mkoa ambazo ndizo zingetangaza jambo kama lile la tarehe 27 Mei, dekoda haikuwa na cha kuchagua, kwa sababu maandishi hayapo. Wateja walinibishia kwa kuonyesha ule utepe wa habari unaotembea chini ya skrini. Utepe huo ni kitu kingine. Hausemi anachosema mtangazaji. Una habari zake, matangazo yake ya maziko na salamu zake, na unaweza kuwa unapitisha bei ya mifuko ya saruji wakati mtangazaji anasoma orodha ya kata zinazohamishwa. Mtu anayeusoma akidhani anafuata taarifa anapotea kuliko asiyesoma kabisa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kanuni za miji ya Marekani zinaweza kuwa fupi namna ile. Zilikuja mwisho. Kipindi cha mapishi cha Julia Child kilirushwa na kituo cha WGBH cha Boston kikiwa na maandishi mwaka 1972, na wakati huo maandishi yalikuwa wazi kwa kila mtazamaji. Mwaka 1980 yakaanza yale yaliyofichwa ndani ya mawimbi, ambayo yalimhitaji mtu anunue kisanduku cha pekee ili ayaone. Kiziwi ndiye aliyebeba gharama hiyo mpaka bunge la nchi yao lilipopitisha sheria mwaka 1990, na kuanzia Julai 1993 kila televisheni ya inchi 13 au zaidi iliyouzwa Marekani ikapaswa kuwa na uwezo huo ndani yake. Kisha sheria ya mawasiliano ya mwaka 1996 ikageukia vituo vyenyewe, na kufikia mwaka 2006 vipindi vipya vya Kiingereza, isipokuwa vilivyosamehewa kisheria, vilitakiwa viwe na maandishi. Baada ya mashine kuwa tayari na maneno kuwa tayari, ndipo San Francisco, Portland na Seattle zikamgeukia mwenye baa na kumwambia: bonyeza. Mwenye baa ni pete ya mwisho katika mnyororo wa kazi iliyoanza mbali. Ukianza na yeye pale ambapo hakuna aliyeandika neno, unamwamuru afungue bomba lisilo na maji.

Hata hivyo niliandika pendekezo. Nilisaidiwa na vijana wachache viziwi pamoja na mkalimani wao, tukaenda nalo ofisi ya mji. Mkoa ulikuwa chini ya utawala wa dharura wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021, bunge la mkoa halikuwa likitunga chochote, kwa hiyo tulichotafuta ni amri ya meya tu. Ofisa aliyetupokea alikuwa mtu wa maswali mazuri. Aliuliza: "Nikimtoza faini mwenye nganda, yaani baa, kwa sababu chaneli haina maandishi, nitakuwa nimemwadhibu kwa kosa la nani?" Na mimi nilikuwa na wasiwasi wangu ambao sikuuficha. Mfanyabiashara wa Goma anajua idadi ya watu wanaoweza kuingia mlangoni kwake na karatasi mkononi: wa usafi, wa kodi, wa mabango, wa haki za muziki. Kanuni yenye faini, iliyoandikwa kwa nia njema, inaweza kumpa mtu mwingine sababu ya kuja kila Ijumaa. Kwa hiyo pendekezo letu halikuwa na faini. Lilisema kwamba mahali panapopokea umma paonyeshe maandishi kwenye chaneli zilizo nayo, saa zote za kazi, bila kusubiri kuombwa. Na kwamba tangazo lolote la mamlaka kuhusu hatari lisirushwe kwa picha bila maneno yake kuandikwa kwenye skrini hiyo hiyo.

Sehemu ya pili ndiyo niliyoitaka zaidi, na ndiyo iliyotupeleka mbali na meza ya ofisa yule, maana vituo vya televisheni haviko chini ya meya. Vinasimamiwa na CSAC, baraza la juu la utangazaji na mawasiliano. Msingi wa kisheria haukosekani. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, inawapa wazee na watu wenye ulemavu haki ya hatua maalumu za kuwalinda. Kongo ilijiunga mwaka 2015 na Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao katika kifungu cha 30 unataja waziwazi vipindi vya televisheni katika mfumo wanaoweza kuufikia. Ipo pia sheria ya kimsingi nambari 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, inayolinda na kukuza haki za watu hao. Tulizinakili zote tatu kwenye barua yetu. Mtu akizisoma Kinshasa anaweza kuamini kwamba jambo hili lilikwisha zamani.

Vijana tuliokwenda nao walinifundisha kwamba maandishi si dawa ya viziwi wote. Baadhi yao hawakupata shule, na kusoma Kifaransa kinachopita kwa kasi ni mzigo. Wanachotaka wao ni mkalimani wa lugha ya ishara kwenye kidirisha cha pembeni. Ishara zao, kama za viziwi wa nchi nyingi za Afrika zinazotumia Kifaransa, zina asili ya Marekani, na ziliingia kwa kazi ya Andrew Foster, mmisionari Mwafrika-Mmarekani aliyekuwa kiziwi mwenyewe, aliyeanzisha shule za viziwi katika nchi nyingi za bara hili tangu mwaka 1957 nchini Ghana. Alikufa katika ajali ya ndege tarehe 3 Desemba 1987, Rwanda, karibu na Gisenyi, yaani kwa jirani yetu hapa. Ni wachache Goma wanaolijua hilo. Lakini mkalimani naye hamsaidii mwalimu wangu mstaafu, ambaye hajui ishara hata moja na hatajifunza sasa, wala hawasaidii wateja wangu wanaokisia maneno ya waziri katikati ya kelele. Sikubaliani na wanaosema tuchague kimoja. Kidirisha na maandishi vinakaa kwenye skrini moja bila ugomvi, na kama lazima kuanza na kimoja, tangazo la hatari lianze na maandishi, kwa sababu hayo anaweza kuyapanga mtu yeyote anayejua kuandika, wakati mkalimani lazima kwanza apatikane usiku wa manane.

Na yaandikwe kwa Kiswahili. Chaneli za Ufaransa zina haki ya kuandika Kifaransa chao, lakini gavana anapowaambia watu wa Mabanga waondoke, akiandika Kifaransa peke yake atakuwa amewakosa wengi wanaosikia na wasiosikia pia.

Swali la mwisho la ofisa, kabla hatujaaga, lilikuwa la nani atakayeandika. Huko nje maandishi ya matangazo ya moja kwa moja huandikwa na watu waliosomea mashine za hati mkato, wenye uwezo wa kupita maneno 200 kwa dakika, au na msemaji anayerudia maneno mbele ya programu inayogeuza sauti kuwa maandishi. Na hata hivyo maneno huchelewa sekunde kadhaa nyuma ya picha. Kiswahili chetu cha Goma, kilichochanganyika na Kifaransa na kutamkwa kwa namna yetu, programu hizo hukiharibu kiasi cha kuchekesha. Mimi nikawaza juu ya sekretaria za umma, vile vyumba vidogo vyenye kompyuta na mashine ya fotokopi ambako tunachapishiwa barua, maombi ya kazi na kazi za wanafunzi. Vijana wake wanachapa siku nzima huku mteja akiwasomea. Nilimwalika mmoja wao mgahawani, nikamwekea redio, akachapa taarifa ya habari kadiri mtangazaji alivyosoma.

Alishindwa kufuata kila neno. Alibaki nyuma, akaanza kuruka sentensi, na majina ya watu aliyaandika kama alivyoyasikia. Lakini orodha na tarakimu hazikumshinda. Mtangazaji alipotaja maeneo, saa na njia, aliyanasa yote, kwa sababu mtu yeyote anayesoma orodha hewani hupunguza mwendo wake. Tulijaribu tena kwa njia nyingine: tulichapa mapema majina ya kata zote 18, tukachapa pia sentensi chache za tayari, kama "Wakazi wa kata zifuatazo waondoke sasa" na "Njia ya kupita ni hii", ili siku ya hatari mtu achague tu badala ya kutunga. Hapo kijana akawa tayari kabla msomaji hajamaliza kusoma.

Faili hiyo tuliipeleka kwenye kituo kimoja cha mji. Mkuu wa mafundi wao aliipokea, akaijaribu kwenye kompyuta inayoendesha utepe, na ikakubali kupanda juu na kutulia katikati ya skrini badala ya kutembea chini. Alichotuambia kwamba kituo hakiwezi kukifanya ni kuamua. Tangazo likija usiku, zamuni anakuwepo kijana mmoja wa mitambo peke yake, naye hana ruhusa ya kuandika jina la kata yoyote kwenye skrini mpaka apate karatasi yenye muhuri. Kwa hiyo barua yetu ya pili kwa ofisi ya mji haikuzungumzia tena telekomande za migahawa. Iliomba kwamba karatasi anayoisoma msemaji wa serikali ifike kituoni kwa simu, ikiwa imepigwa picha na muhuri wake ukiwa unaonekana, kabla yeye mwenyewe hajafungua kinywa.